Mke wa Shomari, Homa

Kaeni, kaeni. Na wewe binti uliyesimama mlangoni na viatu vyeupe, ingia ndani, mimi siumi. Meno yenyewe yamebaki manne, na mawili yanagombana. Kalamu ziwekeni chini kwanza. Wakati wa kuandika ukifika nitawaambia.

Mwalimu wenu alinijia nyumbani mara mbili kuniomba nije nizungumze na wanafunzi wa uuguzi, nami mara mbili nikamkatalia. Mara ya tatu nikamwambia haya, nitakuja, lakini nitasema ninalotaka mimi. Mkitaka visa vya dresa aliyeng'oa jino kwa koleo la fundi chuma, mtafuteni mwingine, Bagamoyo haikosi waongo. Mimi nimekuja na jambo moja. Nimelibeba siku nyingi na sasa mgongo hauwezi.

Naitwa Athumani bin Juma. Nilikuwa dresa, yaani mtu wa kufunga madonda, kugawa dawa na kupiga sindano. Kazi nilifundishwa Dar es Salaam, nikatembezwa kuchanja ndui mpaka Msata, halafu nikapewa dispensari ndogo kusini mwa mji huu, njia ya kwenda Mlingotini. Msiitafute. Pamebaki msingi wa mawe na mbuzi wa watu.

Ilikuwa chumba kimoja, stoo moja, na baraza ya mbele. Mlango wa wagonjwa ulikuwa mmoja, na ulifunguka barazani, walikokaa wanaume. Aliyeujenga hakuwaza kama wanawake nao huumwa. Au aliwaza, akaona wataumwa kimyakimya. Sasa mwanamke wa pwani, mtoto wa watu, ataupita vipi msitari wa wanaume thelathini waliokaa wamekunja miguu, kila mmoja akimtazama anakwenda kuonyesha nini? Hapiti. Basi alikuwa anakuja mumewe.

Kazi ilikwenda hivi. Mume anakuja na chupa yake tupu, anakaa mbele yangu, ananiambia: "Bwana Dresa, nyumbani hawajambo kidogo." Nyumbani maana yake mke. Nami namuuliza nyumbani anaumwa nini, ananieleza, nampa dawa, anakwenda nayo. Mgonjwa simwoni. Nimewatibu wanawake mamia kwa midomo ya waume zao, na nikajiona tabibu.

Kulikuwa na vichekesho, sikatai. Mzee mmoja wa Mapinga alikuja kusema tumbo la mkewe linauma. Nikamuuliza wapi. Akainua kanzu akanionyesha kwenye tumbo lake mwenyewe, nami kwa mazoea nikabonyeza. Akaruka: "Aa! Si mimi bwana, ni yeye!" Mwingine nilimpa dawa ya macho ya mkewe, kesho yake akarudi yeye, macho mekundu kama pilipili. Namuuliza vipi, ananijibu, "Niliionja kwanza, nisije nikampofusha mtoto wa watu." Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka. Siku hizi nikikumbuka naona tulichokuwa tunakicheka si kichekesho.

Sasa daftari. Daftari lilikuwa na jina, anakotoka, ugonjwa, dawa. Mwanaume aliandikwa lake na la babake. Mwanamke aliandikwa "mke wa". Mke wa Hamisi, mke wa Mwinyimkuu, mke wa Kondo. Msinitazame hivyo. Kumtaka mtu ataje jina la mkewe mbele ya wanaume barazani ilikuwa kumvunjia adabu, na mimi ni mtoto wa hapahapa, nimelelewa na adabu hiyo. Serikali ilitaka jina, nami niliandika alichonipa mume. Kila mtu alikuwa radhi. Mwenye ugonjwa hakuulizwa kama yuko radhi.

Palikuwa na mwanamke mmoja tu katika dispensari ile. Bi Tatu binti Mabruki. Alichukuliwa kufagia, kuteka maji na kuchemsha sindano. Mtaani kwake alikuwa mkunga na kungwi, amewapokea watoto wa nusu ya mji, lakini kwetu alikuwa mtu wa ufagio. Alikuwa rika la mama yangu mdogo, nami sikumpa shikamoo. Ndiyo, guneni tu. Nilikuwa kijana ndani ya kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, nikajiona mkubwa kuliko umri. Yeye ndiye aliyenitangulia kila asubuhi: "Hujambo, Bwana Dresa?" Nami najibu sijambo, naendelea kuhesabu vidonge vya kwinini.

Mdomo wake ulikuwa mkali. Akisikia mume anaeleza maumivu ya mkewe, anasema huku amekishika kitambaa cha kupigia deki, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Wanaume wanamcheka. Mimi namwambia asiwaudhi wagonjwa.

Yule mke nitakayewaambia habari zake alikuwa wa Shomari. Shomari alikuwa mchoma chokaa wa Mlingotini, mtu wa mawe na moto, mikono imebabuka, maneno machache. Hakuwa mtu mbaya, na hilo mlishike, msije mkatafuta wa kumlaumu mkaridhika. Alikuja asubuhi na mapema amebeba chupa, akangoja zamu yake, akakaa. Akasema nyumbani hana nguvu. Amepauka. Akichota maji moyo unamwenda mbio. Halafu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Na anakula udongo."

Nikafurahi! Jamani, nilifurahi, kwa sababu nilidhani nimeujua ugonjwa kabla hajamaliza kusema. Safura. Minyoo inayonyonya damu tumboni, mtu anapauka, anachoka, anatamani udongo. Tulifundishwa hivyohivyo. Nikalifungua daftari nyuma, nikatafuta, nikaona nimeandika kwa mkono wangu mwaka uliopita: Mke wa Shomari, Mlingotini, safura, amepewa dawa ya safura, amepona.

Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia, "Unaona? Ni safura ileile imemrudia. Daftari halisahau."

Shomari hajui kusoma. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Dawa ya safura ya siku zile haikuwa ya mchezo. Ilinywewa tumbo tupu, halafu inafuatwa na chumvi ya haluli, mtu anaharisha mpaka anashika ukuta. Ilikuwa na sharti mbili. Ya kwanza, mgonjwa ainywe mbele ya macho ya dresa. Ya pili, mwanamke mwenye mimba asipewe. Zote mbili nilizijua. Ya kwanza nilikuwa naivunja kila wiki, kwa kuwa wanawake hawaji. Na ya pili huwezi kuishika ukiwa hata humwoni mgonjwa mwenyewe.

Bi Tatu alikuwa anapiga deki nyuma yangu. Akainuka, mkono kiunoni. Akasema, "Bwana Dresa, mwanamke anayekula udongo kwanza huulizwa miezi."

Nyinyi mnaojua, mnajua. Mke wa kipwani akipata mimba hutamani udongo. Kila mwanamke barazani angeniambia hivyo, kama barazani pangekuwa na mwanamke. Yeye alikuwapo mmoja, na amesema. Nami mbele ya wanaume wote wale niliona haya kufundishwa kazi na mtu wa ufagio. Sikugeuka hata kumtazama. Nikasema, "Bi Tatu, fagia."

Akafagia.

Nikamjazia Shomari chupa, kipimo cha mtu mzima, nikamwambia, "Mhimize ainywe yote. Wanawake hawa hupenda kumwaga." Naye akaondoka ameishika chupa kwa mikono miwili.

Siku ya pili yake, jua halijapanda, Shomari akaja mbio, kifua wazi. Hakukaa kwenye msitari. Akasema, "Njoo, damu." Nikatoa baiskeli ya Serikali, nikaweka mkoba begani. Bi Tatu akatupa ufagio, akakaa kwenye keria bila kuniuliza. Njia nzima nilisikia pumzi zake mgongoni kwangu, na Shomari nyuma yetu anakimbia kwenye mchanga.

Tulipofika, ukumbini tulimkuta mwanamke wa makamo anasaga meno na kulia. Shomari akasema, "Huyu mkubwa." Mke wa Shomari wa mwaka uliopita, aliyekuwa na safura akapona, alikuwa huyu. Aliyekuwa chumbani ni mwingine, mke mdogo, ameolewa baada ya mwezi wa Ramadhani. Daftari langu lisilosahau lilimjua mke mmoja tu wa Shomari.

Bi Tatu akaingia chumbani. Mimi nikabaki nje ya pazia, ndiyo desturi, mwanaume haingii. Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mkoba wangu magotini, umejaa bandeji. Bi Tatu akasema kutoka ndani, "Mimba ya miezi minne imeharibika. Damu haikati. Una nini humo?" Nikafungua mkoba nikatazama. Sikuwa na kitu. Nikasema tumchukue hospitali kubwa mjini, tumbebe kwenye kitanda. Shomari akasema, abebwe na nani? Kaka zake yeye wako shamba, lazima waitwe, hawezi kubebwa na watu baki. Akatumwa mtu shamba. Tukangoja.

Katika kungoja kule ndipo nilipomsikia. Sauti ya kibinti, nyembamba, hajafika hata miaka ishirini. Alikuwa amesikia kwamba niko nje. Akasema, "Bibi, mwambieni Bwana Dresa nimeinywa yote. Sikumwaga hata tone."

Alidhani nimekuja kumgombeza.

Jamani, mimi nimeona mengi katika kazi. Nimeona mtu ameliwa mguu na papa, nimeona ndui. Lakini neno lile la kutii ndilo linaloniamsha usingizini. Kama angeimwaga, angepona. Angekuwa mkaidi kidogo tu, angekuwa leo bibi kizee anagombana na wajukuu wake Mlingotini.

Kaka zake walifika, kitanda kikainuliwa. Hakikupita mnazi wa mwisho wa kijiji. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mimi na Shomari tukabaki njiani, tumetazamana. Nikamuuliza, nami hata sijui niliuliza kwa mdomo gani, "Mbona hukuniambia kama ana mimba?"

Akanitazama kwa mshangao. "Barazani? Mbele ya watu wote wale? Mimba changa?" Nanyi mnajua, mimba changa haitangazwi, jicho la hasidi halina pazia. Halafu Shomari akasema, "Na wewe hukuniuliza."

Bi Tatu alikuwa anaosha mikono kwenye kata ya maji. Akasema bila kuinua uso, "Nyinyi wawili mlizungumza vizuri tu. Yeye hakuulizwa na mtu." Halafu akamtaja kwa jina, Mwanaidi, akamwombea dua. Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina la mgonjwa wangu, naye yuko chini ya shuka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Bi Tatu mlangoni. Nikainama, nikamwambia shikamoo. Akamaliza kufagia kizingiti, ndipo akaitikia.

Nawaomba mkumbuke nilivyowaambia, sikuja kujisifu. Mwisho wa mwezi Daktari Mzungu alikuwa anakuja na gari kutoka Dar es Salaam kukagua. Kila kifo lazima kiandikwe, na sababu yake. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Nilikuwa nimeoa mwaka uleule. Nikaandika: Mke wa Shomari, Mlingotini. Homa. Amefariki.

Daktari akasoma, akatia saini, akasema mbu wamezidi mwaka huu. Nikasema ndiyo bwana.

Bi Tatu akaniuliza jioni ile, "Umemwandika?" Nikasema nimemwandika. Yeye hakujua kusoma. Akaridhika.

Nilichoweza kufanya nilikifanya, kwa sababu ya hofu na aibu zaidi kuliko wema. Nilimwomba Daktari tuwe na siku mbili za wanawake kwa wiki, waingilie mlango wa stoo, na Bi Tatu akae nao. Akasema hana kazi ya mwanamke katika karatasi zake. "Lakini mfagiaji akitaka kufagia upande wa wanawake, sina neno." Basi Bi Tatu akaenda kufagia upande wa wanawake. Alifagia kwa kusikiliza mapigo ya moyo ya watoto tumboni, kwa kufunua kope, kwa kupima joto. Mimi nilikaa upande wa pili wa pazia la kanga, ananiambia, nampa dawa.

Waume hawakupenda. Alikuja mmoja, mtu mzito, mwenye minazi yake, akapiga kelele barazani: jina la mke wangu mnalitakia nini? Bi Tatu akachungulia mlango wa stoo. "La kumwita akizimia, baba. Au nimwite 'mke wa' na nyumbani unao watatu? Wote si watakuja?" Baraza likaangua kicheko. Yule bwana akatafuta pa kuweka hasira yake asipaone, akacheka na wao. Tangu siku hiyo majina yakaandikwa. Wanawake walikuja hata kutoka Mapinga, na mikeka yao na vyakula vyao, wanatoka alfajiri.

Kazi nayo nikaanza kujifunza, mimi mwenye cheti. Aliniambia, "Mwanamke usimuulize anaumwa wapi. Atakwambia hajambo. Muulize, kazi gani imekushinda leo?" Ijaribuni hiyo, haijawahi kunikosea. Akikwambia kutwanga, tazama kifua na mgongo. Akikwambia kuinama kufua, uliza damu. Akikwambia hakuna kazi iliyomshinda na machozi yanamlengalenga, funga mlango, mwache akae. Na mume akiwa amesimama karibu anamjibia, usimfukuze, utaleta ugomvi. Mtume akateke maji. Kisima kiwe mbali kidogo. Dakika kumi zinatosha.

Daktari alifurahi. Akaniandikia barua ya sifa, kwamba dresa Athumani amewavuta wanawake dispensari. Nikaitundika ukutani. Bi Tatu aliifuta vumbi kila siku, hajui imeandikwa nini.

Miaka michache kabla ya vita vya Hitla ikaja barua nyingine. Serikali inatafuta wanawake wenye uzoefu, wafundishwe ukunga katika hospitali kubwa, wapewe cheti na kazi yenye jina. Sharti ajue kusoma na kuandika, na dresa wake amwandikie barua ya kumdhamini. Nilimsomea Bi Tatu. Nilidhani atasikitika. Akasema, "Basi nifundishe."

Tukaanza siku hiyohiyo, mchana wagonjwa wakiisha. Kitabu cha kusomea hatukuwa nacho, tukasomea daftari. Na ilikuwa rahisi kwake, maana yale majina ya wanawake ameyauliza yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Anaweka kidole: "Huyu Zuhura binti Salehe, mwenye mapacha. Kumbe zu inaandikwa hivi!" Alikuwa anacheka kama msichana. Sijapata kumwona na furaha ile kabla wala baada. Kwa miezi mitatu akawa anasoma. Alishona gauni jeupe la kwendea chuoni, akalikunja akaliweka kabatini kwenye stoo, asije akalichafua nyumbani.

Kabati hilohilo ndilo lililokuwa na madaftari ya zamani.

Nilitoka kuswali adhuhuri, nikamkuta ameketi sakafuni na daftari limefunguliwa mapajani. Sikuhitaji kutazama ni lipi. Akasema, "Nimemtafuta Mwanaidi. Nilitaka nimsome mwenyewe. Nimepita karatasi zote za mwaka ule, hayumo." Halafu akaweka kidole. "Hii 'mke'. Hii 'wa'. Hii Shomari. Na hii nimeirudia mara tatu, nadhani nimekosea, mimi mwanafunzi. Ho. Ma."

Nikasema, "Hukukosea."

Akasema, "Homa ilimtoka wapi, Athumani?" Hakuniita Bwana Dresa.

Akaligeuza daftari upande wangu.

"Futa. Uandike kweli."

Nikamwambia, Bi Tatu, Daktari ameshatia saini. Saini ya Serikali haifutwi. Nikiandika leo kwamba nilimpa mwenye mimba dawa ya safura, na kwamba nilidanganya, nafukuzwa, pengine nafungwa. Nina watoto, Bi Tatu.

Akalifunga daftari. Akasema, "Hata yeye alikuwa na mtoto."

Akalirudisha kabatini, akalitoa gauni lake, akaenda nalo nyumbani. Kesho nilimkuta amewahi, anachemsha sindano kama kawaida. Nikamwambia barua yako ya udhamini nitaiandika leo, nitaiandika vizuri. Akasema, "Barua ya kusema mimi najua kazi itaandikwa na mkono gani? Ule ulioandika homa? Sitaki." Nikambembeleza. Nikawatuma wazee wambembeleze. Hakutaka. Nafasi ile ilikwenda kwa mtu wa kwingine, na Bi Tatu binti Mabruki akaendelea kushika ufagio. Shikamoo yangu aliipokea kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa na adabu. Zaidi ya kazi hakunisemesha tena.

Mnadhani alifanya ukaidi? Nami nilidhani hivyo, miaka mingi. Nilisema moyoni, mwanamke huyu amejinyima mwenyewe riziki yake. Ilinirahisishia. Lakini mimi ndiye niliyemnyima. Neno moja la kweli lingempeleka chuoni, na neno hilo lilikuwa mkononi mwangu.

Vita vilikuja vikapita. Macho ya Bi Tatu yakaingia mtoto wa jicho, akaanza kupapasa ukuta, akarudishwa nyumbani. Alikwenda na kata yake ya kunywea maji na kanga mbili. Nami nikaendelea mpaka zamu yangu ya kustaafu ikafika.

Siku ya mwisho, nikiwa na funguo bado mfukoni, nilifungua kabati. Mchwa walikuwa wamekula pembe za daftari lile, lakini karatasi yenyewe ilikuwapo. Nikaandika chini ya saini ya Daktari, kwa wino mweusi. Halafu nikalitia chini ya koti nikatoka nalo. Ndiyo, nimeiba mali ya Serikali. Nendeni mkanisemee.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Tatu. Alikuwa uani kwake juu ya mkeka, anasuka ukili kwa vidole, macho meupe yametazama popote. Nikamwambia shikamoo, Bi Tatu. Akaijua sauti. "Marahaba."

Nikamwambia nimeandika. Akasema, "Soma."

Nikasoma: "Mwanaidi binti Kombo, wa Mlingotini. Mimba ya miezi minne. Alipewa dawa ya safura na dresa Athumani bin Juma, ambaye hakumwona wala hakumuuliza, na aliyeonywa asisikie. Akatii, akainywa yote. Amefariki. Haikuwa homa."

Vidole vyake vilikuwa vimesimama. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Mara moja zaidi." Nikasoma.

"Sasa yumo," akasema. Akavuta pumzi ndefu, akaanza tena kusuka. Nami nikadhani mzigo umetuliwa. Nikawa nalikunja koti langu niage.

Akasema, "Na mimi, Athumani? Mimi umeniandika wapi?"

Kila mwisho wa mwezi, wanangu, nilikuwa napeleka kwa Daktari karatasi ya watumishi. Niliiandika mwenyewe miaka yote ile, hata baada ya Mwanaidi, hata baada ya kuwafundisha watu wazima barazani kwamba mwanamke ana jina. Juu niliandika: Athumani bin Juma, dresa. Chini yake niliandika: Mfagiaji mwanamke, mmoja.

Bi Tatu alingoja kidogo, akarudia ukili wake, akasema, "Basi. Nilitaka kujua tu."

Amefariki mfungo uliopita. Mimi nilishika jeneza, naye humo hakuniuliza tena nimemwandika wapi.

Haya, sasa shikeni kalamu. Siku hizi barazani kila mtu anasema uhuru unakuja, na nchi itakuwa yetu na hospitali zetu. Inshallah. Sijui watajenga milango mingapi. Lakini madaftari mtaandika nyinyi, na leo tutaanza na moja. Andikeni: Tatu binti Mabruki, wa Bagamoyo. Muuguzi na mkunga. Alimfundisha kazi dresa Athumani bin Juma.

Mmemaliza? Wewe wa viatu vyeupe, simama unisomee. Kwa sauti, mwanangu, masikio yangu nayo yamezeeka.

Ehe.

Soma tena.